Theluji ya Agosti: Kuhusu Picha za Kale za Roma Zinazochorwa Upya kwa Mkono

Kila mwaka, tarehe 5 Agosti, kalenda ya liturujia inatuwekea kumbukumbu ya hiari ya Kutabarukiwa kwa Basilika ya Bikira Maria Mkuu iliyoko Roma. Kwetu Pemba siku hiyo hupita kimya. Ni wakati wa kipupwe, watu wako kwenye mikarafuu au ofisini, na Misa ya siku ya kazi katika vigango vyetu huhudhuriwa na wachache. Hata hivyo liko swali linaloihusu siku hiyo ambalo waamini wametuletea zaidi ya mara moja, nalo halijibiki kwa maneno mawili mlangoni pa kanisa.

Swali ni hili. Siku hizi mtu akiwa na simu anaweza kuagiza nakala ya picha maarufu ya kale, iliyochorwa upya kwa mkono, kwa rangi na burashi, wala si kupigwa chapa. Miongoni mwake zimo picha za hekaya za Roma, na mojawapo ni ile ya theluji iliyoanguka Roma mwezi Agosti. Mwamini akitaka kuitoa zawadi kwa kigango chake, je, ipokelewe? Yupo anayesema kwamba ni picha bandia, na kanisani hakuwekwi vitu bandia. Yupo anayesema kwamba hadithi yenyewe haina uthibitisho. Na yupo ambaye hana shida na picha wala hadithi, ila anafikiria majirani watasema nini. Hofu zote tatu zina uzito. Sisi Wakatoliki wa Pemba ni wachache, wengi wetu tulikuja kutoka bara kwa ajili ya kazi, na kinachotundikwa ukutani mwetu hutusemea kabla hatujafungua kinywa.

Tuanze na hadithi, maana bila hiyo picha haisomeki. Mapokeo ya Roma yanasimulia kwamba katika karne ya 4, wakati wa Papa Liberio, aliyeliongoza Kanisa kuanzia mwaka 352 hadi 366, aliishi mjini humo tajiri mmoja aitwaye Yohane pamoja na mke wake. Hawakujaliwa mtoto. Waliamua mali yao irithiwe na Bikira Maria, wakamwomba awaonyeshe namna ya kuitumia. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Agosti Bikira Maria aliwatokea katika ndoto, akawaagiza wajenge kanisa mahali watakapokuta theluji asubuhi. Papa naye akaota ndoto hiyo hiyo. Kulipopambazuka, kilima cha Esquilino kilikuwa cheupe. Papa akaenda na makleri na watu wengi, akachora msingi wa kanisa juu ya theluji ile.

Msomaji wa Pemba anaweza kuukosa muujiza huu kwa sababu ya majira tu. Agosti kwetu ni mwezi wa ubaridi: kusi inavuma na wazee hujifunika shuka alfajiri. Roma ni kinyume. Agosti ndiyo kilele cha kiangazi chao, mawe ya barabarani huwaka kama jiko, na wenye uwezo huuhama mji. Theluji katika mwezi huo ni kama mafuriko ya masika katikati ya kaskazi kavu. Ndugu zetu waliozaliwa Moshi, waliokua wakiitazama theluji ya Kibo kwa mbali, watatusaidia kuwaeleza watoto ni kitu gani. Roma wenyewe huikumbuka hadi leo kwa kumwaga petali nyeupe za maua kutoka darini mwa basilika wakati wa ibada ya siku hiyo.

Picha tunayoizungumzia ilichorwa na Masolino, Mwitalia, katika miaka ya 1420, mwanzoni mwa kipindi kinachoitwa Mwamko Mpya, pale wachoraji wa Ulaya walipoanza kujifunza upya namna ya kuonyesha umbali, kivuli na uzito wa mwili. Ni ubao ulio karibu mita moja na nusu kwa kimo. Juu kabisa, ndani ya duara, Kristo na Mama yake wanatazama chini. Chini yao yametandazwa mawingu madogomadogo ya kijivu yaliyopangwa kama sahani, yakizidi kuwa madogo kadiri yanavyokwenda mbali. Ardhini kuna theluji, na Papa Liberio ameshika jembe. Ndiyo, jembe, kama letu la mkono. Anainama kidogo na kukata mstari wa msingi huku umati ukitazama pande zote mbili. Kati ya picha zote za mapapa tunazozifahamu, hii ndiyo ambayo mkulima wa Konde au Micheweni angeielewa bila mkalimani.

Je, ilitokea kweli? Hapa tuseme wazi. Hadithi ya theluji haionekani katika maandishi yoyote ya zama za Papa Liberio. Inajitokeza karne nyingi baadaye. Basilika inayosimama leo pale Esquilino ilijengwa na Papa Sisto III, aliyeongoza kuanzia 432 hadi 440, muda mfupi baada ya Mtaguso wa Efeso wa mwaka 431 kukiri kwamba Maria ni Mama wa Mungu. Hilo ni jambo la historia: kuta zipo, na michoro ya vijiwe ya karne ile ya 5 ipo ndani yake. Kanisa lenyewe, liliporekebisha kalenda mwaka 1969, liliweka pembeni jina la Bikira Maria wa Theluji na kubakiza kutabarukiwa kwa basilika. Halikuikataza hadithi. Liliiweka mahali pake.

Watu wa Pemba hawahitaji kufundishwa tofauti hii na mtu wa mbali. Pale Pujini, kusini-mashariki mwa Chake Chake, yako magofu ya ngome ambayo wataalamu wa mambo ya kale huyaweka katika karne ya 15. Kila mwenyeji amesimuliwa habari za Mkama Ndume, mtawala mkali aliyewalazimisha watu kubeba mawe huku wakijisogeza kwa makalio, na habari za kisima chenye njia mbili ili wake zake wawili wasikutane. Hakuna anayedai ushahidi wa makalio yale. Lakini hakuna pia anayesema kwamba, kwa kuwa kisa kina chumvi, basi ukuta haupo. Ukuta upo, utawala ulikuwapo, na kisa kinaeleza jinsi watu walivyouonja utawala ule. Walimu wa fasihi huziita simulizi za namna hii visakale. Kisakale cha theluji nacho kinatuambia jambo kuhusu Wakristo wa Roma: walimwamini Maria kiasi cha kusema kwamba kanisa lake la kwanza mjini mwao alilichagua mwenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba makatekista wetu wasiifundishe theluji kama wanavyofundisha Efeso. Waseme "wazee wa Roma walisimulia", kisha wasimulie kwa uhondo wote. Ombi hili si la kisomi tu. Jirani yetu akisikia tumeapa kwamba theluji ilianguka tarehe fulani, kisha akatafuta na kukuta haina shahidi, ataacha kutuamini hata tunapomweleza yale ambayo Kanisa limeyakiri na kuyafia. Na hatakuwa na kosa.

Sasa tuje kwenye neno bandia. Ubao wa Masolino haumo tena kanisani. Ulichorwa kwa ajili ya altare katika basilika ile ile ya Bikira Maria Mkuu, ukiwa sehemu ya kazi kubwa yenye picha pande mbili, ambayo kijana Masaccio alishiriki kuichora. Baadaye kazi hiyo iliondolewa na kugawanywa. Vipande vyake leo viko Napoli, London na Philadelphia. Theluji iko Napoli, katika jumba la makumbusho la Capodimonte, na anayetaka kuiona hukata tiketi. Picha halisi, basi, haina tena altare mbele yake. Nakala inayotundikwa katika kigango, watu wakasali rozari chini yake, inafanya kazi ambayo ubao ule uliumbiwa na ambayo wenyewe hauifanyi tena. Jambo hili wapenzi wa vitu halisi hulisahau.

Tena basilika hiyo hiyo ndiyo chimbuko la historia kubwa ya nakala katika Kanisa. Ndani yake imo picha ya kale ya Bikira Maria na Mtoto, ambayo mapokeo huihusisha na mkono wa Mtakatifu Luka, na ambayo watu wa Roma wanaiita Afya ya Warumi. Ndiyo ile ambayo Papa Fransisko alikuwa akienda kusali mbele yake kabla na baada ya kila safari ya kitume, na ndimo alimozikwa, katika basilika hiyo, mwezi Aprili 2025. Kwa karne nyingi haikuruhusiwa kunakiliwa ovyo. Mwaka 1569 Mtakatifu Fransisko Borgia, mkuu wa tatu wa Shirika la Wayesuiti, alipata kibali cha Papa Mtakatifu Pio V, akachoresha nakala kwa mkono, na kutoka hiyo zikachorwa nyingine kwa ajili ya nchi za misioni.

Nakala hizo zilisafiri kuliko wamisionari wengi. Moja alikuwa nayo Mwenyeheri Ignacio de Azevedo alipouawa baharini karibu na visiwa vya Kanari mwaka 1570, pamoja na wenzake 39, wakiwa njiani kwenda Brazili. Mapokeo ya Wayesuiti yanasema hakuiachia mkononi. Nyingine ilifika India mwaka 1580, katika kasri la Akbar, mfalme Mwislamu, ambaye wachoraji wake walianza kuchora mambo ya Injili kwa kalamu zao wenyewe. Matteo Ricci alipeleka nakala kwa mfalme wa China mwaka 1601.

Iliyo karibu nasi zaidi ni ile ya Ethiopia. Wayesuiti walikuwa wakienda huko tangu karne ya 16, na njia yao ilipitia bahari hii yetu ya Hindi. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea India. Mwaka 1624 Padre Jerónimo Lobo alifika Pate akitafuta njia ya nchi kavu kutoka pwani ya Waswahili hadi Ethiopia, akashindwa, akarudi India na kuingia kwa upande wa Bahari ya Shamu. Mfalme Susenyos alikuwa amejiunga waziwazi na Kanisa Katoliki mwaka 1622. Muungano huo uliletwa kwa nguvu mno, ukamwaga damu, na mwaka 1632 ukavunjika. Mwanawe Fasilides aliwafukuza Wayesuiti nchini.

Picha haikufukuzwa. Wachoraji wa Ethiopia, ambao ni Waorthodoksi na ambao hawakuwa na sababu ya kuwapenda Wareno, waliendelea kuinakili. Mtu akitazama michoro yao ya karne ya 17 na kuendelea ataitambua mara moja: mikono ya Maria iliyopishana mbele ya Mtoto, vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyonyooshwa, kitambaa kidogo katika mkono wa kushoto, Mtoto akishika kitabu na kubariki. Ni picha ya Roma. Lakini macho yamekuwa makubwa na ya Kihabeshi, mapambo ya nguo ni ya kwao, na pembeni wamesimama Mikaeli na Gabrieli wakiwa na panga. Waliinakili mpaka ikawa yao. Hatujui mfano mwingine katika Afrika ya Mashariki unaoonyesha vizuri zaidi kwamba nakala ya mkono yaweza kuishi mahali ambapo aliyeileta hakuweza kukaa.

Baada ya hayo, tofauti kati ya nakala na kitu bandia inaonekana. Nakala husema kwamba ni nakala. Bandia hudanganya kuhusu aliyeichora na umri wake ili kujipandisha bei. Katika jumba la Louvre, Paris, wachoraji wanaruhusiwa kukaa mbele ya picha na kuinakili tangu mwaka 1793, lakini kwa masharti: vipimo visilingane na vya picha halisi, wala sahihi ya mchoraji isiigizwe. Kwetu Tanzania jambo hili si geni. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za kawaida za dukani. Alifariki mwaka 1972, na tangu hapo wanafunzi wake na wanafunzi wa wanafunzi wake wamerudia ndege na wanyama wake kwa mkono, hadi wakajaza vichochoro vya Mji Mkongwe. Tukitazama nyuma zaidi, pale Siyu, katika kisiwa cha Pate, misahafu ilinakiliwa kwa mkono na kupambwa kwa wino wa rangi. Hakuna Mwislamu aliyeuita msahafu wa namna hiyo bandia kwa kuwa haukuwa wa kwanza. Mtu aliyekaa miezi mingi akifuata kila herufi alihesabiwa kuwa amefanya kazi ya heshima.

Nakala zinazouzwa siku hizi nyingi hutoka katika karakana, kwa mfano zile za Dafen, Shenzhen, nchini China, ambako maelfu ya wachoraji huishi kwa kazi hiyo. Si haramu. Ila mnunuzi ajue kwamba Masolino alitumia rangi zilizokorogwa kwa ute wa yai juu ya ubao, pamoja na dhahabu, ilhali nakala hizi kwa kawaida ni rangi ya mafuta juu ya turubai, na nyingine huwa ni picha ya mashine iliyopakwa rangi juujuu. Aitazame kwa pembeni, penye mwanga: mchoro wa mkono huonyesha nyayo za burashi zinazofuata umbo. Kwa maoni yetu, hata hivyo, zawadi nzuri zaidi ingekuwa kumtafuta mchoraji wa hapa nchini, kumpa muda na ujira wa haki, na kumwachia auchore uso wa Yohane na mke wake, wale wasio na mtoto, kama watu anaowafahamu. Waethiopia walifanya hivyo.

Kuhusu majirani. Jirani anapouliza kama tunaabudu picha, anauliza jambo ambalo Kanisa liliwahi kujiuliza kwa uchungu, likagawanyika kwa ajili yake zaidi ya miaka 50, na kulijibu katika Mtaguso wa Pili wa Nisea mwaka 787: kuabudiwa ni kwa Mungu peke yake, na heshima inayotolewa mbele ya picha humwendea yule aliyechorwa. Jibu hilo ndilo linalotuwezesha kupokea nakala bila wasiwasi. Kama nguvu ingekuwa katika ubao, tungelazimika kuufuata Napoli. Kwa kuwa heshima humwendea Maria, na kupitia kwake humwendea Mwanae, mkono wa pili au wa mia haupunguzi kitu. Jirani anaweza asikubaliane nasi, na hatuna haja ya kumshinda. Jina la Maryamu analijua na kuliheshimu. Sura ya 19 ya kitabu chake inaitwa kwa jina hilo. Tumjibu kwa utulivu, na picha yenyewe tuitundike ndani, si barabarani kama bendera.

Basi zawadi kama hiyo ikiletwa, utaratibu ni huu. Paroko aulizwe kabla ya kununua, si baada ya picha kushuka bandarini Mkoani. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1188, inataka picha takatifu ziwepo makanisani kwa idadi ya kiasi na kwa mpangilio unaofaa, wala zisiwashangaze waamini. Kigango chenye kuta nne fupi hakihitaji picha kumi. Picha ya hekaya isikae juu ya altare wala karibu na tabernakulo. Mahali pake ni ukuta wa pembeni, au chumba cha mafundisho, ambako katekista ataweza kuisimulia. Chini yake kiwekwe kibao kinachosomeka: nakala iliyochorwa kwa mkono, jina la Masolino, karne ya 15, na kwamba theluji ni mapokeo ya watu wa Roma. Ibarikiwe kwa sala ya Kanisa, mbele ya watu.

Kisha itunzwe. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na wakati wa masika turubai huota ukungu kwa nyuma kabla mtu hajaona lolote kwa mbele. Isitundikwe kwenye ukuta unaopigwa na mvua, na viwekwe vipande vidogo vya mbao nyuma ya fremu ili hewa ipite. Isifutwe kwa kitambaa chenye maji. Brashi laini na kavu inatosha. Mishumaa ikae mbali nayo. Na mbao za fremu zipakwe dawa ya mchwa kabla hazijaingia kanisani.